Nimegonga 48, jinzi na raba niziache?

"Habari fundi. Mimi ni mwanaume wa miaka 48, naishi Moshi, kazi yangu ni ya stoo na magari kwenye kampuni moja hapa mjini kwa hiyo hatuvai suti. Tangu kijana mavazi yangu ni jinzi, tisheti, raba na kapelo, wikiendi pensi. Juzi kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa kaka yangu, shemeji akanambia mbele za watu kwamba mzee mzima siwezi kuendelea kuvaa kama konda, nihamie suruali za kitambaa na mashati. Binti yangu yuko chuo, naye anasema modo zangu zinamtia aibu. Mke wangu anasema niko sawa ila niache kuchomekea. Kitambi kimeanza, nguo nyingi zinanibana, nimenunua kubwa zaidi na bado hazinikai. Je kuna umri ambao mwanaume anatakiwa aache nguo za vijana? Na kama upo nivae nini, maana Kaunda suti mimi siwezi kabisa."

Kaka yangu, kwanza pole kwa kusemwa mbele za watu, tena kwenye kikao cha harusi, hilo halikuwa sawa hata kama shemeji alikuwa na la maana ndani yake. Nimesoma swali lako zaidi ya mara moja na naona umefunga maswali mawili pamoja. Moja ni la umri, kwamba miaka 48 inakukataza jinzi au haikukatazi. La pili ni la mwili, nguo zinabana na ukinunua kubwa hazikai. Watu waliokuzunguka wanaona hilo la pili halafu wanakujibu la kwanza. Mi nakujibu wazi kabisa, hakuna umri wa kuacha jinzi, tisheti wala raba. Ila kuna vitu vya kubadilisha, na usipovibadilisha maneno hayataisha, na hata ukivaa hizo suruali za kitambaa anazotaka shemeji bado utaonekana nguo si zako.

Tuanze na hili la nguo za vijana na nguo za wazee maana ndo limekuumiza. Jinzi haikutengenezwa kwa ajili ya vijana. Mwaka 1873 kule Marekani, Levi Strauss na Jacob Davis walipewa hataza, yani haki ya uvumbuzi, ya kuweka misumari midogo ya shaba kwenye kona za mifuko ya suruali za wafanyakazi ili zisichanike. Huyo Davis alikuwa fundi cherehani kama mimi, wateja wake walikuwa watu wazima wa kazi ngumu, na shida yao ilikuwa mifuko inayochanika, basi. Fomu siksi, zile tisheti za kola, unazoona vijana wanavaa asili yake ni uwanja wa tenisi, Lacoste yule Mfaransa alianza kuivaa miaka ya 1920 kwa sababu shati la mikono mirefu lilikuwa linamsumbua akicheza. Sasa angalia Kaunda suti unayoiogopa. Kaunda alikuwa rais wa Zambia tangu 1964, akawa anavaa hizo suti za koti lenye mifuko minne mbele, na waliomuiga miaka hiyo hapa kwetu walikuwa wanaume wa miaka 25, 30, wenye kazi na redio mpya, hiyo ndo ilikuwa fasheni ya mtu anayejua mjini. Wenzao wengine walikuwa kwenye bugaluu, zile suruali pana chini, na raizoni, viatu vya soli nene. Na mwaka 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ikaanza Januari 1969, yani kugombana kuhusu suruali ya kubana hakukuanza na binti yako. Wale waliokuwa wanakimbizwa kwa ajili ya suruali hizo leo ni mababu.

Unaona ninapoelekea? Nguo nyingi tunazoziita za wazee ni nguo ambazo hao wazee walizivaa wakiwa vijana wakaendelea nazo. Hakuna aliyekaa akasema mtu akifika 50 apewe koti la mifuko minne. We ujana wako ni wa miaka ya 90 mwishoni na 2000 mwanzoni, jinzi na raba ndo nguo za rika lako kihalali, na ukivuka ghafla kwenda kwenye nguo za rika la baba yako utaonekana umeazima. Watu watahisi kitu hakijakaa sawa hata wasiojua kukisema.

Sasa mwili, na hapa naomba unisikilize kwa utulivu maana ndo kazi yangu ya kila siku kwenye meza ya kukatia. Kuanzia miaka ya 30 mwanaume anapoteza misuli taratibu, wataalamu wa afya wanasema kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka 10, na kuanzia 40 hivi urefu nao unapungua kama sentimita moja kila miaka 10. Mafuta yanahamia tumboni. Makalio yanapungua na kuwa bapa, mapaja yanakonda, mabega yanainama mbele kidogo hasa kwa mtu wa kompyuta au wa kuendesha gari. Kwa hiyo mwili haunenepi kila upande, unanenepa katikati na mbele halafu unapungua nyuma na chini. Nguo za dukani na za mtumba zimekatwa kwa mwili ambao ukiongezeka kiuno basi na mapaja yameongezeka, na makalio yameongezeka, na bega limeongezeka. Wewe hauko hivyo, na wanaume wengi sana wa umri wako hawako hivyo.

Ndo maana ulivyonunua kubwa haikusaidia. Tisheti ya saizi mbili juu inapita tumboni sawa lakini mshono wa bega umeshuka kwenye mkono, kwapa imening'inia, na kitambaa kinaanzia pale tumbo lilipotokeza zaidi kinashuka wima hadi chini kama turubai la lori, mtu akikuangalia anaona upana wa tumbo umeendelea mpaka mapajani. Umeficha tumbo kwa kulifanya mwili mzima. Tisheti ndogo nayo inalichora. Zote mbili zinamwelekeza mtu palepale usipotaka aangalie.

Suruali ina siri yake. Najua kuna wanaume wanasema kwa fahari bado navaa 34 kama nilivyooa, na ni kweli, ila ukimwangalia anafungia chini ya tumbo. Kiuno hakijabadilika namba, kimehama sehemu. Suruali ikishuka hivyo msamba unashuka nao, miguu ya suruali inarundikana juu ya kiatu, na nyuma kwa vile makalio yamepungua hakuna cha kuishikilia, basi anakaza mkanda zaidi, tumbo linamwagika juu ya mkanda, na shati la mbele linapanda kwa sababu tumbo limekula urefu wa kitambaa, ndo unaona mbele fupi nyuma refu. Yote hayo yameanzia kwenye kukataa kununua 38. Namba haisomwi na mtu yeyote, iko ndani, fundi peke yake ndo anaiona.

Kuhusu modo binti yako yuko sahihi, ila naomba usichukulie ni aibu ya umri. Modo inabana kuanzia paja hadi kwenye kifundo, na kwenye mwili wenye tumbo inafanya juu kuwe kuzito na chini kwembamba, hata kijana wa 25 mwenye kitambi modo haimpendezi. Halafu modo nyingi zina lastiki nyingi. Lastiki kidogo kama asilimia moja au mbili ni nzuri kabisa, inakusaidia kukaa na kupanda gari, ikizidi inashika kila kona ya mwili na baada ya mwaka inalegea magotini. Kinachoiua haraka ni pasi ya moto, jiki na kuanika jua kali, kwa hiyo hata hizo ulizonazo zifuliwe maji ya baridi, uzigeuze na kuzianika kivulini. Unachotaka wewe ni jinzi iliyonyooka, inayokaa kiunoni kwa saizi yako ya kweli, yenye nafasi pajani, bluu ya giza au nyeusi, haijachanwa magoti. Mifuko ya nyuma iwe mikubwa ya wastani na isiwe imeshuka, hiyo inajazia pale palipopungua. Pindo liguse kiatu na kukunjika mara moja tu. Ukipata hiyo ongeza kadeti moja ya rangi ya udongo na moja ya bluu, una suruali za mwaka mzima.

Kwenye tisheti angalia bega kwanza, kabla hata ya tumbo. Mshono ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Mkono uishie katikati ya mkono wa juu, chini iishie katikati ya zipu, zaidi ya hapo miguu inaonekana mifupi. Kitambaa kiwe cha pamba chenye uzito, kwa wanaojua vipimo ni kama gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba, ila ukiwa kwenye mtumba Memorial au Kiboriloni huna mzani kwa hiyo inyooshe mbele ya mwanga, ukiona mkono wako upande wa pili iache, hiyo itachora kila kitu na shingo italegea mapema. Pamba nzito inadondoka bila kushika. Polista tupu kwa joto la Moshi la Januari na Februari inakaa na jasho, na kadiri unavyokuwa mtu wa kukaa na watu vikaoni jasho ni jambo la kulifikiria. Fomu siksi uwe nazo kadhaa, kola inasimamisha shingo na uso, na inaingia sehemu ambazo tisheti ya shingo ya duara haiingii. Maandishi makubwa kifuani mimi nakushauri upunguze, si kwamba yamekatazwa, ila yanavuta macho kwenye kifua na tumbo. Mabaka ya jeshi yaliyojaa kwenye mtumba hayo achana nayo kabisa, ni kosa kisheria kwa raia wa umri wowote.

Mke wako kasema usichomekee. Yuko sahihi kwa tisheti na fomu siksi. Kwa shati inategemea pindo lake, shati lenye mkia mrefu wa mviringo limekatwa ili lichomekewe, ukiliacha nje linaonekana umetoka kulala. Mpe fundi alikate lifike katikati ya zipu na pindo liwe limenyooka, ni kazi ndogo, hapo unalivaa nje bila shida. Shati la kitenge lililokatwa hivyo juu ya jinzi ya giza ni vazi zuri sana kwa mwanaume wa umri wako na sijui kwa nini wengi wanaliacha mpaka siku ya sendofu. Na ukija huku Arusha mwezi wa sita na wa saba, baridi linakusaidia: jaketi jepesi au shati zito lililoachwa wazi juu ya tisheti linatengeneza mistari miwili ya wima mbele, tumbo linagawanyika machoni pa mtu, yani hakuna dawa rahisi kama hiyo.

Raba usiziache. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu nimeona wanaume wakihamia moka za soli ngumu kwa sababu tu waliambiwa wamekua, na wewe kazi yako ni ya kusimama kwenye sakafu ya stoo. Miguu nayo inabadilika, kano zinalegea, upinde wa unyayo unashuka, mguu unapanuka na kurefuka kidogo, ndo maana kiatu cha 42 cha zamani kinakubana kidole kidogo. Pima miguu upya, upime jioni maana asubuhi mguu uko mdogo. Kinachobadilika ni aina ya raba. Zile za mazoezi zenye rangi nne ziwe za mazoezi, halafu uwe na moja ya rangi moja, nyeupe au kahawia au nyeusi, safi, kamba zimefungwa. Usafi wa kiatu unasamehe mengi. Kapelo pia vaa, jua la Moshi si la mchezo na nywele zikipungua ngozi ya kichwa inaungua, ila ukiingia ndani ya nyumba ya mtu au kwenye kikao unaivua. Pensi ifike gotini, ya Jumamosi nyumbani, gereji, shambani, sawa kabisa.

Sasa nimrudie shemeji, maana sitaki nimtupe. Alichokosea ni kusema umri. Angesema mahali ningekubaliana naye. Kikao cha harusi, posa, msiba, kikao cha ukoo mnapopanda mgombani, yani nyumbani kijijini, Desemba, hizo ni sehemu ambazo kwetu huku nguo ni sehemu ya salamu, unaonyesha umejiandaa kwa ajili ya wenyeji wako. Hata kijana wa 22 akienda kwenye posa na jinzi ya mitobo atasemwa. Tofauti ni kwamba yeye anaitwa mara chache, wewe kwa umri wako sasa ni baba mdogo, ni mshenga, kesho ni mwenyekiti wa kamati, unaitwa kila wiki. Idadi ya siku za nguo za heshima imeongezeka kwenye maisha yako wakati kabati lako bado ni la mtu anayeitwa mara moja kwa mwaka. Hapo ndo pa kuongeza, bila kuondoa. Kadeti mbili, mashati matatu yanayokukaa, moka moja laini au buti fupi la ngozi, na koti moja la kawaida lisilo la suti. Na ukae na shemeji faraghani umwambie lile la mbele za watu lilikuuma, mwambie kwa upole, ni mtu wako.

Kuhusu hela, usitupe kabati zima. Una njia tatu na kila moja ina ubaya wake. Kununua mpya dukani ni rahisi ila utarudi kwenye shida ileile ya mwili usiofanana na namba. Kushonesha ni bora kwa mashati na suruali za kitambaa, ila jinzi ya kushonesha mafundi wengi hatuna mashine nzito za kushona zile pindo mbili vizuri, nakwambia ukweli. Ya tatu ndo napenda kwa mtu kama wewe, nunua mtumba mzuri unaokaa vizuri sehemu pana, halafu fundi apunguze kwingine. Suruali inunuliwe kwa tumbo, tisheti na shati vinunuliwe kwa bega, jaketi vilevile kwa bega, kwa sababu kubadilisha bega la jaketi ni kulifumua karibu lote na gharama yake haifai. Kupunguza paja, kufupisha pindo, kubana ubavu wa shati, hizo ni kazi za siku moja. Kuongeza ndo kugumu. Suruali nyingi za kitambaa zina akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma kiunoni, zigeuze uangalie, zinaweza kutoa sentimita mbili hadi nne. Jinzi hazina akiba hiyo, zikibana zimebana, mpe kijana wa nyumbani.

Kuna jambo moja naomba usilipite haraka. Nguo zinaposema mwili umebadilika wakati mwingine zinasema jambo la daktari, si la fundi. Chukua futi kamba, zungusha tumboni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida bila kuvuta tumbo, usome. Kwa mwanaume ikizidi sentimita 94 hatari ya sukari, presha na moyo inaanza kupanda, ikizidi 102 imepanda sana. Hiyo si namba ya suruali, nimekueleza mtu anaweza kuvaa 34 na tumbo lina 105. Ukihisi ganzi au kuungua upande wa nje wa paja, legeza mkanda na uachane na suruali za kubana, kuna mshipa wa fahamu unapita pale nyongani na unabanwa, isipoisha nenda hospitali. Kiungulia kikikupata ukiwa umekaa umefunga mkanda sana, ni hivyohivyo. Soksi zikikuacha na alama ya kina na miguu imevimba jioni baada ya jioni, au mkanda unaingia matundu ndani wakati hujafanya diet wala mazoezi, una kiu na unakojoa sana, hapo usije kwangu kupunguza suruali, nenda hospitali, Mawenzi au KCMC, upimwe kwanza. Na kama tayari una sukari, kabla ya kuvaa kiatu pitisha mkono ndani kila siku, jiwe dogo usilolisikia linaweza kukugharimu mguu.

Kwa fundi njoo ana kwa ana kama bega moja liko chini kuliko lingine, au kola zote zinavutika nyuma, au suruali zote zinashuka hata za saizi sahihi, hayo hayapimiki kwa maelezo. Fundi yeyote mzuri hapo Moshi ataweza, si lazima mimi. Nenda na ile jinzi moja unayoipenda kuliko zote hata kama haikutoshi tena, aone ulichokuwa unakipenda kwenye mkato wake. Toa simu na waleti mfukoni, simama kama unavyosimama kazini, usivute tumbo ndani, na uwe umevaa raba utakazovaa nayo, maana pindo linapimwa kiatu kikiwa mguuni.